Nazi za Chome

Munje, Msambweni
14 Januari 2025

Kwako mwanangu Husna,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ikiwa barua hii imekukuta na afya, basi nasi huku tumo. Mamako Mwanaima hajambo, goti lake linalalamika ila ulimi haujapata hata mafua. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Ule ukuta wa jiko ulioanguka nimeuinua mwenyewe asubuhi moja kabla ya chai, na fundi alipopita akauliza ni kampuni gani imetujengea. Mimi nikanyamaza tu, sipendi kujisifu.

Utashangaa kuona barua zama hizi za simu. Simu yangu imechukuliwa na pweza. Usicheke. Nilikuwa mwambani, maji yamekupwa, nikaiweka juu ya jiwe ili nichokore shimo. Mkono mmoja ukatoka, ukaipapasa kama mtu anayenunua kitambaa, ukaenda nayo. Nikajipigia kwa simu ya jirani, ikaita mara mbili, kisha ikapokelewa. Simu ya mamako nayo, akiishika huweka sauti ya nje mpaka kuku wanajua habari zetu, na jambo hili si la kuku.

Jambo lenyewe ni shule yetu ya Chuoni. Umesoma pale lakini ulikuwa mdogo, undani hukuujua. Ilianza ikiwa chuo cha Qurani cha babu yako Mwero, banda la makuti kwenye shamba alilolitoa wakfu. Serikali ilikuja baadaye, ikaleta mabati na madawati, na mpaka leo ndiyo inayolipa walimu. Lakini msikiti ndio mfadhili, na mwenyekiti wa kamati ya mfadhili ni mimi, mwaka wa nne sasa. Nilichaguliwa bila kupingwa. Aliyetaka kunipinga aliamka sauti imekauka.

Mwaka huu kamati imepitisha mambo mawili. Kila msichana kuanzia gredi ya nne afunike kichwa kwa mtandio, na kila mtoto akae somo la dini, maana mwalimu wa dini tunaye mmoja tu na ni wa kwetu. Wote wameitika isipokuwa mtu mmoja, Tsofa, mkata mawe, aliyekuja juzi na ukame wa Kinango akajenga nyuma ya machimbo. Ana binti, Jemima, yuko gredi ya tisa, watu wa kanisa. Tsofa anasema mwanawe hafuniki kichwa wala hasomi dini isiyo yake, shule ni ya serikali.

Siku ya kufungua nilisimama langoni mwenyewe. Sikumgusa. Nilimwambia, “Mwanangu, rudi ukajifunike, halafu uje.” Akanitazama, akasema, “Shikamoo mzee,” akageuka. Hajarudi tena.

Sasa Tsofa amekwenda ofisi ya elimu, na ofisi inataka tujieleze kwa maandishi. Wewe ndiye kalamu ya ukoo huu. Niandikie jibu zito, lenye vifungu. Ningeandika mimi, ila mwandiko wangu una nguvu mno, unatoboa karatasi. Waambie hivi: huko bara tunasikia binti zetu wanavuliwa mitandio katika shule za makanisa, na walimu wa huko pia wanalipwa na serikali hiyo hiyo. Mbona wao hawaandikiwi barua? Wewe uko Kitui, unafundisha kwa masista, unaona kwa macho yako. Tia mfano wako.

Fanya haraka. Mimi sijawahi kushindwa, na sitaki kuanza na mkata mawe.

Ni mjomba wako,
Mbwana wa Mwero


Kitui
9 Februari 2025

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Waalaykumu salaam warahmatullah. Barua yako ilichukua siku kumi na moja kufika, na mimi nimechukua nyingine nyingi kuijibu, unisamehe. Ni mzima. Jua la huku ni kali, maji tunapanga foleni na madumu, lakini darasa langu la Kiswahili linanipa furaha. Mwambie mama nimempelekea dawa ya kuchua goti kwa mkono wa dereva wa basi, pamoja na picha ya walimu wote, tumepigwa mbele ya kanisa la shule. Mpe pole kwa goti na pongezi kwa ulimi.

Nimefurahi umeandika. Kwenye simu, mjomba, hakuna aliyewahi kumaliza sentensi mbele yako.

Barua uliyoniomba sijaiandika. Kabla sijasema nitaiandika au sitaiandika, niambie mambo mawili. Babu alipotoa lile shamba wakfu, alitamka nini? Wakfu hutamkwa mbele ya watu, na anayeutoa huweka masharti yake. Na la pili: tulipokuwa watoto pale shuleni, nazi ikianguka uwanjani tulikatazwa kuiokota. Bibi alikuwa akituambia, “Wacheni, hizo nazi za Chome.” Chome ni nani?

Kuhusu mfano wangu, sina cha kutia.

Na huyo msichana Jemima, sasa anasomea wapi? Shule nyingine iliyo karibu na machimbo iko umbali gani kwa miguu? Hukuandika.

Ni mwanao,
Husna


Munje
20 Februari 2025

Kwako Husna,

Salaam nyingi. Dawa imefika, mamako amejipaka goti moja, la pili likaona wivu likaanza kuuma. Mapacha wa mbuzi wanaruka. Wiki jana nilisikia chui kule mwitu wa Kaya, nikatoka na tochi tu, nikamkoholea. Alikwenda mpaka Shimba Hills, alipofika huko ndiko alikogeuka kutazama nyuma.

Unaniuliza maswali kama hakimu. Nilikuomba barua, nimeletewa mtihani. Haya, nitakujibu ingawa darasa la sita nililiacha kwa sababu mwalimu aliishiwa maneno ya kunifundisha.

Chuo kile kilijengwa hivi. Lilikuwapo jiwe la pembe ya msingi, wanaume wanane liliwashinda. Babu yako akatoka shambani, akalitia begani, akauliza, “Liwekwe wapi?” Na mimi nilikuwa nyuma yake na jiwe la pili. Minazi yote saba ya uwanjani aliipanda yeye kwa siku moja, akiwa amefunga. Alitamka shamba ni la kusomeshea dini. Basi. Na Chome si mtu. Chome ni aina ya nazi, ndogo, yenye kifuu kigumu. Nyinyi mliosoma sana hamjui nazi.

Umbali ni kilomita tisa, na mto mmoja. Si mbali. Mimi umri wake nilikuwa nikienda Msambweni na kurudi nikiwa na gunia la mhogo kichwani, nikiimba.

Nimewajibu ofisi mwenyewe. Wamerudisha, wanasema hawajaelewa. Mwalimu mkuu, huyu Abdulrahim, ananijia kila jioni amekunja uso. Anasema orodha ya watahiniwa wa gredi ya tisa itafungwa, na msichana asiyekuwa darasani hawezi kumwandika bila neno la kamati. Nimemwambia neno la kamati analijua: afunike kichwa.

Usidhani mimi ni mkatili. Wazee wetu walikijenga kile chuo wakati watoto wa Kidigo walikuwa hawapati dawati popote bila kubadilishwa jina. Nilimwona binamu yangu Jaafar akirudi likizo anaitwa jina la Kizungu. Nikilegeza leo mtandio, kesho watasema wakfu ni wa nini. Watu wa msikitini wananitazama mimi, si wewe.

Picha tumeiona. Mbona umevaa marvini, kofia ya sufu ya baridi, mpaka kwenye nyusi, na sista aliye pembeni yako anajipepea kwa daftari? Kitui kumeanguka barafu?

Mbwana wa Mwero


Kitui
3 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Ramadhani karim. Mungu atutakabalie funga zetu.

Marvini ni ya mafua.

Hakuna aina ya nazi inayoitwa Chome. Nilimpigia mama nikamuuliza. Akanyamaza, na wewe unajua mama anavyonyamaza. Hata kuku walinyamaza. Kisha akasema, “Kamuulize mjomba wako, yeye alikuwepo.”

Msichana wa miaka kumi na tano asipoandikwa kwenye orodha hii, hafanyi mtihani mwaka huu. Mwaka ujao atakuwa anapondaponda kokoto na babake, au ameolewa. Wewe unajua, nami najua. Ukimfungia lango tu, anaweza kurudi. Orodha ikifungwa, harudi.

Usinitake tena nitie mfano wangu.

Husna


Munje
21 Machi 2025

Kwako Husna,

Salaam. Tumefunga, ishirini leo. Mamako anapika futari ya mihogo ambayo majirani wanaisikia harufu kutoka Mwabungo.

Nakuandikia nikiwa na hasira, na mfungaji hatakiwi kuwa na hasira, kwa hiyo dhambi tutagawana.

Jumatatu saa moja na nusu Tsofa alikuja langoni na bintiye. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikamwambia, “Bwana Tsofa, tulishasema.”

“Wewe ulisema,” akajibu. “Mimi leo sikuja shule. Nimekuja kwenye minazi yangu.”

“Minazi gani?”

“Ya babu yangu Chome. Mzee Mbwana, usinifanye niseme mbele ya watoto. Shule yenu, minazi yetu. Tangu lini mwenye mnazi akazuiwa kuufikia mnazi wake?”

Nikatazama nyuma. Wazee wawili wa kamati walikuwa pale, wanaokubaliana na mimi hata nikikohoa. Wote wawili wakatazama chini. Maana hiyo ndiyo mila yetu, na wewe unaijua. Shamba linaweza kuwa langu na mnazi uliomo ukawa wako, na ukitaka kupita kwenda kwenye mnazi wako, hata ukipitia mlangoni mwangu, sina mdomo. Nikampisha. Nimeshawahi kuzuia fahali kwa pembe, lakini nikampisha.

Basi Tsofa hakuangua nazi hata moja. Alimketisha bintiye chini ya mnazi ulio karibu na dirisha la gredi ya tisa, akampa daftari, akaenda zake machimboni. Na msichana akafungua daftari. Kila siku anakuja, kichwa wazi, na sare yake, anakaa kwenye shina. Mwalimu ndani anafundisha hisabati kwa sauti kama anamwadhinia mtu wa Tanga. Nilimuuliza mbona anapiga kelele. Akasema ana tatizo la masikio.

Somo la dini likifika msichana anageuka, anatazama upande wa pili, likiisha anageuka tena. Hakuna analovunja. Yuko kwenye mali ya kwao. Ila jina lake halimo kwenye orodha, maana mtu wa chini ya mnazi si mwanafunzi.

Haya, basi nikuambie. Chome alikuwepo. Alikuwa kibarua wa Kiduruma, mkwezi wa babu yako. Babu yako alimruhusu apande miche saba ya minazi iwe yake, na desturi ni kwamba aliyepanda ndiye mwenyewe. Ndiyo hivyo tu. Kama babu yako alisema maneno mengine, siyakumbuki, nilikuwa na miaka minne.

Kuandika unaandika kidogo sana siku hizi. Na Idi utakuja?

Mjomba wako


Kitui
13 Aprili 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Idi njema, ingawa imeshapita. Sikuja kwa sababu sikutaka mama anione. Naomba umsomee barua hii, au usimsomee, utaamua wewe. Nimeandika nyingine mbili na kuzichana kabla ya hii.

Katika barua ya Februari ulibeba jiwe nyuma ya babu. Katika ya Machi ulikuwa na miaka minne. Nimeziweka meza moja nimezitazama. Ukipenda nikusaidie kuchagua, nakuchagulia ya tatu: ulikuwa na miaka saba na ulikuwa umekaa karibu kabisa, ukasikia kila neno. Mama ameniambia. Nataka uniambie wewe.

Sasa na mimi nikuambie, maana nikikudai ukweli nami niwe nimelipa.

Huku ninakofundisha shule ni ya serikali, mshahara wangu unatoka serikalini, na mfadhili ni kanisa. Kanuni ya mfadhili ni kwamba darasani hakuna kuvaa mtandio, mwalimu wala mwanafunzi. Niliambiwa siku ya kwanza, kwa upole, na chai juu. Sikuweza kuvua, mjomba, na sikuweza kuacha kazi. Nikanunua marvini. Kofia ya baridi haimo kwenye kanuni. Miezi kumi na minane nimefundisha Kitui na sufu kichwani, jasho linaniingia machoni, na nikiulizwa nasema nina mafua. Wanafunzi wananiita Madam Baridi. Katikati ya Ramadhani sista mkuu akaniita, akasema ameelewa zamani, alikuwa ananivumilia tu, na sasa wazazi wameanza kuuliza. Tukifungua tarehe ishirini na nane, niingie kichwa wazi au nisiingie.

Tunao wasichana wawili wa Kiislamu katika shule hii, wametoka Mutito, baba yao ana duka. Wananitazama tu waone nitafanya nini.

Nikakaa niandikie bodi. Wewe husema mimi ndiye kalamu ya ukoo. Niliandika: “Shule inayolipiwa na wananchi wote haiwezi kumtaka mtoto aache dini yake langoni.” Nikaisoma. Nikajiuliza haya maneno nimeyasikia wapi. Ni ya Tsofa. Kila sentensi niliyoandika ilikuwa ya Tsofa, mjomba, na kila jibu ambalo sista angenipa lilikuwa lako. Hata lile la wazee waliojenga. Na wa kwao walijenga kweli.

Sikukuficha kwa aibu. Nilikuficha kwa sababu ungenitia kwenye barua yako, ukanifanya fimbo ya kumpigia yule msichana. Nisingeweza kuvumilia hilo juu ya hili.

Mpe mama salamu. Mwambie marvini ni ya mafua.

Husna


Munje
1 Mei 2025

Mwanangu Husna,

Assalaam alaykum. Mamako hajambo. Mbuzi hawajambo. Masika imeingia na upepo. Barua yako niliisoma mara moja nikaitia chini ya godoro, na sikulala juu yake, nililala kwenye mkeka.

Nitakueleza jambo la juzi Jumanne kama lilivyokuwa. Mkono wangu haujazoea, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Shule ilifunguliwa na Jemima akarudi chini ya mnazi. Mvua ilikuwa inanyesha, nyepesi. Alikuwa amejifunika gunia kichwani. Nilimwona kutoka langoni nikasema moyoni, haya, ameshafunika, si ndilo nililotaka. Na nikaona haya peke yangu, nimesimama na mwavuli.

Upepo ukapiga. Nazi ikaanguka shibiri mbili kutoka bega lake. Hakuinuka. Alihamisha daftari tu, akasogea kwenye shina. Nikatazama juu, nikaona vichala viwili vimekomaa vinacheza kama jino bovu. Nikaenda barabarani nikampata mkwezi, nikamwambia njoo uangue. Akauliza, “Ya nani?” Nikasema ya shule. Akacheka. “Mzee, ile ni ya Chome. Mwenyewe hajanituma, sipandi.” Kila mtu anajua, Husna. Hata mkwezi asiye na meno ya mbele anajua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui, na mimi ndiye niliyekuwepo.

Tsofa alikuwa machimboni. Upepo ukaongezeka. Nikavua viatu nikapanda.

Umenisikia tangu utoto nikisema nilikuwa mkwezi wa kwanza Msambweni, nikipanda nimefumba macho, nikishuka kichwa chini. Sijawahi kupanda mnazi. Nilipanda mmoja nikiwa na miaka tisa, nikaanguka, nikaogopa mpaka leo. Nilifika katikati kwa kupitia vile vidato vilivyochongwa kwenye shina. Hapo mikono ikafunga. Si kwamba nilichoka, ilifunga tu, haikusikia. Juu nazi zinagongana, chini shule yote imetoka. Abdulrahim ananiita mwenyekiti, mwenyekiti, kana kwamba ningesahau. Nikafumba macho nikakumbatia mnazi wa Chome kama mtoto.

Jemima ndiye aliyekimbia machimboni kumwita babake.

Nilimsikia Tsofa akipanda chini yangu, anahema kidogo tu. Akanizungushia kamba kiunoni, akafunga na shina.

“Mzee Mbwana. Mguu wa kushoto. Shusha. Kidogo tena. Hapo.”

“Siwezi.”

“Unaweza, lakini usiniambie kwanza ulivyowahi kufanya. Shusha mguu tu.” Kisha akauliza, “Ulipanda kufanya nini?”

“Kuangua, zisimwangukie mtoto.”

“Nazi za nani?”

Husna, pale chini walikuwepo kamati nzima, walimu, watoto mia tatu, na wanawake wa Munje waliosikia mwenyekiti amekwama. Nikasema, “Zako. Za Chome.”

“Ungeniomba,” akasema. “Mguu wa kulia sasa.”

Nilipokanyaga chini nikakaa kwenye matope. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshakaa na aibu imekwisha yote, nikasema lile lililobaki. Nilikuwa na miaka saba. Mwalimu wa chuo alikuwa anataka kuondoka, hana chakula wala mafuta ya taa. Chome, asiyekuwa na dini yetu, akasema, “Nazi zangu zote ziwe za mwalimu na za taa mpaka mtapojiweza.” Miaka mitano, Husna. Qurani ninayoisoma mimi niliisoma kwa taa ya Chome. Babu yako akasimama mbele ya watu akatamka wakfu, akaweka sharti moja: “Watoto wa Chome na watoto wao watasoma hapa sawa na wangu, na wasiulizwe lolote mlangoni ila kama wameoga.” Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mguu wake. Na Januari nilimtambua Tsofa alipotaja jina la babake, mwana wa Chome, ofisini kwa Abdulrahim. Nilimtambua kabla sijasimama langoni.

Kamati ilikaa jioni ile ile. Wawili walitoka kabla hatujamaliza na wanasema watanitoa uenyekiti, huenda wakaweza. Tumeandika kwamba mtandio ni kwa watakao, na somo la dini ni kwa wenye dini hiyo. Jana Abdulrahim alimwandika Jemima kwenye orodha, inafungwa kesho. Asubuhi hiyo alipita langoni kichwa wazi, akasema, “Shikamoo mzee.” Nikasema marahaba. Sikumuuliza kama ameoga.

Tsofa hajanisamehe. Alileta nazi saba mlangoni kwa mamako, akasema ni za nyumba, akaondoka bila kukaa. Nne nimezifunga kwenye kikapu, zinakuja Kitui na basi la kesho pamoja na barua nyingine. Hiyo si yako. Ni ya sista wako mkuu, uwe uliingia Jumatatu au ulibaki nje. Nimeiandika mwenyewe, imetoboka mahali pawili. Nimekuwekea nakala hapa ili usije ukasikia imeongezwa chumvi. Ukiona haifai, ichane, nazi upikie.

Mamako nimemsomea barua yako. Kisha akatoa mtandio wake wa Idi, ule wa buluu, akautia kikapuni juu ya nazi.

Mjomba wako,
Mbwana


(Nakala)

Kwa Sista Mkuu,

Salamu. Mimi ni Mbwana wa Mwero, mwenyekiti wa kamati ya mfadhili, Shule ya Chuoni, Munje, labda mpaka Ijumaa ijayo. Nimesoma mpaka darasa la sita. Nakuandikia mfadhili kwa mfadhili.

Najua wazee wenu walijenga. Na wetu walijenga. Najua mkitazamwa na watu wenu ilivyo. Mimi nilimzuia mtoto wa kanisa lenu langoni miezi mitatu na nusu, akasomea mvuani, na nilikuwa na sababu nzuri kila siku.

Sasa yumo ndani, kichwa chake kama apendavyo. Jina lake ni Jemima, unaweza kuuliza.

Unaye mwanangu, mwalimu Husna, na wasichana wawili. Naomba waingie darasani kama walivyo. Huyo mwalimu kofia imemtosha, si mgonjwa.

Kwetu mtu haendi kuomba mikono mitupu. Ndiyo maana nilimfungulia wenu kwanza, halafu ndiyo nikaandika. Nazi si zangu, nimepewa na baba wa Jemima.